Boti ya Saa Nane

Jumatatu, tarehe 24 Novemba

Salamu kwanza. Nasalimu Baba Nafula, yuko nje anageuza mahindi kwa turubai. Nasalimu Kukhu, mama yake, meno yamemuisha lakini maneno bado. Nasalimu Simiyu, mtoto wangu wa pili, amelala mpaka saa hii na jua limetoka. Nasalimu Barasa wa mwisho, ameenda kusaga unga. Nasalimu Nafula wangu wa kwanza, yuko hospitali Bungoma, si mgonjwa, ni nesi. Nasalimu ng'ombe pia kwa sababu ndiye aliniamsha.

Sijui salamu hizi zinaenda kwa nani. Daftari ni langu peke yangu. Nafula alinipa akasema mama, andika vile unasikia, itakupunguzia wasiwasi. Lakini niliacha shule darasa la sita na tulifundishwa barua tu. Kuandika bila kusalimu naona kama kuingia nyumba ya watu bila kubisha.

Habari yenyewe ni hii. Nafula anaenda Uingereza mwezi wa kwanza. Kazi ya unesi, miaka mitatu. Kabla aende anataka twende baharini mimi na yeye, kwa kisiwa, siku nne. Sijawahi kuona bahari. Miaka hamsini na mbili. Amenitumia picha za boti tatu kwa simu. Ati mama, wewe ndiye utachagua. Anataka tuvae zile miwani za maji tuingie pamoja tuone samaki. Tuingie ndani. Si kukaa juu.

Moyo unaruka. Tena naogopa.

Alhamisi, tarehe 27 Novemba

Leo sikupika mapema. Nilikuwa naangalia boti.

Ya kwanza ni kubwa, injini mbili, muziki, inaenda mbali kutafuta pomboo. Nilivuta picha ikawa kubwa nikahesabu. Watu kumi na tisa. Jaketi za kuelea kumi na moja. Hao wanane watashika nini, watashika muziki?

Ya pili chini yake ni kioo. Unakaa kwa benchi, samaki wanapita chini ya miguu yako, hulowi hata soksi.

Ya tatu ni ndogo. Watu sita na jaketi sita. Ya mzee mmoja anaitwa Nahodha Omari. Hiyo ndiyo ya kuingia majini.

Nilipigia wenye boti wote. Nikauliza kila mmoja swali moja: umewahi kupoteza mtu? Wa kwanza alikata simu. Wa kioo akasema, "Hapana madam, karibu sana." Nahodha Omari akasema, "Nimepoteza kofia mbili, mama. Watu wote nilirudi nao."

Nilicheka peke yangu jikoni. Kukhu akauliza nani huyo ananichekesha.

Ijumaa, tarehe 28 Novemba

Nimechagua ya kioo. Nimempigia mwenyewe nikamwambia atuandike watu wawili.

Nafula aliuliza, nikasema nimepata nzuri sana, utaona. Sikumwambia ni gani. Si uongo. Ni nusu.

Sisikii vizuri moyoni.

Jumamosi, tarehe 29 Novemba

Nimetoka Bungoma sasa hivi. Nilimpelekea Nafula maziwa na mboga ya likhubi. Anakaa chumba kimoja nyuma ya soko, safi kama hospitali yenyewe. Dada yangu Consolata alikuwa huko. Nilimnong'onezea habari ya kioo. Akasema umefanya vizuri, mtu wa mahindi anatafuta nini ndani ya chumvi.

Halafu Nafula akatoa mfuko chini ya kitanda. Alikuwa amenishonea nguo ya kuogelea. Suruali ndefu ya kubana na blauzi inafika magotini, rangi ya zambarau, kwa sababu anajua mama yake hawezi kutembea mapaja nje mbele ya watu. Ya kwake rangi hiyo hiyo. Akaziweka kitandani kando kando.

"Mama," akasema, "nikiwa mdogo kila mahali ulinipeleka ukabaki nje. Shule, ulibaki kwa geti. Sherehe ya kufuzu unesi, ulibaki jikoni ukipakua. Hii moja tuingie wote."

Consolata akaangalia ukuta. Mimi nikaangalia nguo. Nikasema inanitosha kweli? Akasema jaribu. Ilitosha.

Mimi ni mama mbaya wa boti.

Jumapili, tarehe 30 Novemba

Baada ya kanisa nilienda nyuma ya ghala nikapigia yule wa kioo nikamwambia hapana, samahani. Nikapigia Nahodha Omari kabla woga urudi.

Yeye alitaka twende Jumatano saa tatu asubuhi. Nikakataa. Mimi najua asubuhi. Hapa Kitale saa tatu ukiweka mkono kwa maji ya tangi vidole vinakufa. Maji mengi hivyo yatapata joto saa ngapi? Nikasema Jumanne, saa nane mchana, jua likiwa limeyapasha.

"Saa nane, mama? Una hakika?"

"Nina hakika."

"Saa nane mtatembea kidogo."

Nikamwambia kutembea si shida kwangu, mimi natembea mpaka soko la Kibomet na gunia kichwani. Akacheka. Akasema haya, mgeni ni wewe, siku ni yako.

Nimefurahi. Mara ya kwanza nimepanga kitu kikubwa na mwanaume akakubali bila maneno.

Jumatano, tarehe 3 Desemba

Mazoezi. Nafula alisema unapumua kwa mrija kichwa kikiwa ndani ya maji. Nilikata bua la jani la mpapai, nikajaza karai nyuma ya nyumba, nikazamisha uso. Mara ya kwanza nilikunywa maji. Ya pili nikakohoa. Ya tatu nikapumua mara tano nikifungua macho. Niliona chini ya karai. Kuna kutu.

Nilikuwa kwa ya nne wakati Baba Nafula alitoka zizini akaona mke wake amepiga magoti, kichwa ndani ya karai, hasemi. Alinivuta shingo kama ndama. Karai likamwagika lote.

"Umeanguka?"

"Naogelea."

Alikaa chini kwenye tope. Kukhu mlangoni akasema, "Mimi nilivuka mto Nzoia huyu mume wako akiwa mgongoni, maji hapa kwa kifua, na sikufundishwa na karai."

Nimelala mchana nikicheka. Halafu nimeota nimezama.

Jumamosi, tarehe 6 Desemba

Tunaondoka. Kukhu amenitemea mate kidogo kifuani, baraka. Akasema rudi na mwili wako wote.

Nguo ya zambarau iko chini kabisa ya mfuko. Nimeangalia mara nne kama iko.

Jumatatu, tarehe 8 Desemba

Nimeiona.

Haina ng'ambo. Tulifika saa kumi na mbili jioni na ilikuwa imejaa mpaka ukuta wa nyumba ya wageni, inapiga, inarudi, inapiga. Nafula alinishika mkono akasema mama sema kitu. Nilionja. Chumvi kweli. Nilidhani watu wanaongeza.

Ni kubwa sana. Nimemwambia Nafula kesho nitaingia, lakini nimesema nikiangalia upande mwingine. Naogopa kabisa. Nikibaki juu ya ile boti atatabasamu, hatasema kitu, na ataenda na huzuni hiyo Uingereza.

Jumanne, tarehe 9 Desemba

Niandike pole pole.

Saa nane kamili tulishuka tukiwa na zambarau zetu. Bahari haikuwepo. Nasema haikuwepo. Ile iliyokuwa ukutani jana imeenda zake. Mchanga, matope, majani ya kijani, mpaka mbali huko kuna mstari mweupe. Boti ya Nahodha Omari imelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa. Nilijua kuna msiba umetokea. Nikashika Nafula nikasema turudi, hii maji imekauka.

Omari alikuja, mzee mwembamba na kofia. "Karibu mama. Maji yamekupwa. Kila siku huenda, hurudi. Si wewe uliyetaka saa nane?"

Kumbe kutembea kwenyewe ndiko huku.

Aibu ilinishika. Kitu kimoja nimepewa nichague, nimechagua saa ambayo bahari haiko. Machozi yalikuwa karibu. Nafula naye alikuwa ameinama. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka ameshika magoti. "Mama, umetuletea boti ya nchi kavu."

Omari akasema mbona mnasikitika, vaeni viatu vya mpira, twendeni kwa miguu. Tukatembea kama nusu saa. Alinionyesha mahali pa kukanyaga, kuna vitu vyeusi vya miba kama nungunungu. Kuna kitu chekundu cha mikono mitano, akasema hicho kinaitwa kiti cha pweza. Nikauliza pweza mwenyewe yuko wapi. Akasema ametoka kidogo.

Halafu tukafika kwenye miamba. Katikati kuna maji yamebaki, mengi, kama bwawa, yametulia kabisa. Yalikuwa na joto. Hapo nilikuwa nimesema kweli. Nikaingia. Magoti. Kiuno. Chini ya matiti yakaacha kupanda. Miguu yangu imesimama kwa ardhi. Nikaangalia Nafula, Nafula akaniangalia. Akanivalisha miwani, akanipa mrija. Ni mzuri kuliko bua la mpapai.

Nikaweka uso ndani.

Wako. Wa njano na milia myeusi, wa buluu kama sare ya shule, mmoja mdogo amesimama mbele ya uso wangu ananiangalia kama mimi ndiye nimeletwa aone. Nilisikia pumzi yangu kubwa masikioni. Nikainua mguu mmoja. Halafu wa pili. Nafula alikuwa ameshika mkono wangu na nilikuwa juu ya maji, mimi, nimelala, na sikuzama. Alinionyesha kwa kidole, nami nikamwonyesha. Hatukuweza kuongea. Tulikaa mpaka Omari akaita kwamba maji yanarudi.

Njiani nilimwambia ukweli wa boti ya kioo. Akasema alijua. Consolata hawezi kunyamaza siku mbili.

Jumatano, tarehe 10 Desemba

Asubuhi. Nafula amelala bado, nywele zina mchanga. Maji yamerudi ukutani, boti ya Omari imesimama sawa. Leo tunapanda saa tatu, tunaenda penye kina. Nimekubali. Nitavaa jaketi.

Sijamwamsha. Namwangalia tu.

Hii mistari ya chini nitaikata nimtilie kwa mfuko wake siku ya kuondoka.

Nafula, ukifika huko nitumie neno haraka. Usingoje upate nyumba, usingoje uzoee baridi. Ukishuka tu.