Koo la Zawadi Lisiguswe

Mpendwa Baba Zawadi,

Nisamehe kukaa kimya tangu tulipovuna alizeti. Nilichoka, halafu nilikuwa bado nakupima moyoni.

Unakumbuka siku ile shambani, Zawadi anafukuza mbuzi, mara akashika koo, anavuta hewa kwa mlio kama jogoo anayejifunza kuwika? Ulimbeba mgongoni mbio hadi barabara ya Shelui, kiatu kimoja kikabaki kwenye matuta. Ukaniambia, "Usilie, mimi si nipo?" Nilikuamini.

Zahanati walisema pumu, lakini ile dawa ya kupuliza haikumsaidia, unajua. Ulipoondoka tukapelekwa hospitali kubwa. Daktari akamkimbiza ngazini mpaka mlio ukaja, akapitisha puani mpira mwembamba wenye kamera. Nikaona mwenyewe kwenye runinga yao: nyuzi za sauti, badala ya kufunguka akivuta hewa, zinajifunga. Si pumu. Akamfundisha kunusa taratibu kwa pua, kisha kupuliza kama anapoza uji. Nikamshuku. Daktari gani anakurudisha bila hata kidonge? Lakini juzi kabanwa akicheza rede, akanusa, akapuliza, hewa ikarudi. Akaniambia, "Mama, usinitolee macho hivyo, utanichekesha nikosee."

Sasa mama yako. Siku zote anasema ni kimeo, kile kinyama cha kooni, kimerefuka, kikatwe. Tulibishana sana, ghafla akaacha. Jumapili akaja na upole nisioujua: "Mwanangu, nenda gulioni, Zawadi mwache apumzike." Sikufika mbali, nikageuza. Nikamkuta mkata vimeo uani, ananawa mikono kabla ya kuanza.

"Shikamoo, mzee. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Nimekuja kwa mtoto. Baba yake si ameshakubali?"

Nikamgeukia mama yako. Akainama kuokota kuni ambazo hazikuwepo.

Nilimfukuza yule mzee, kwa adabu. Tangu hapo naenda na Zawadi hata kisimani. Sijui niwaogope wao au wewe.

Kwa hiyo naomba utume hivi: viatu vya michezo vya Zawadi, maana anataka kurudi kwenye mbio, nauli ya kumrudisha kwa daktari, jibu la kweli, ulikubali au hukukubali, na upige simu, mimi na mama yako tukusikie pamoja, ukisema koo la mtoto haliguswi. Viatu vinaweza kusubiri.

Mkeo,
Mama Zawadi