Mgeni wa Banda la Mwisho

Guangzhou, kisiwani
3 Aprili 2003

Kwako Mama mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai faksi hii itakukuta mzima, goti limepoa, na wageni wamekuachia angalau kibaba cha mchele. Nisalimie Kaka Rahim na kila anayeniuliza. Mimi mwili haujambo, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia, na nitakueleza kwa nini.

Usishtuke kusikia nimehama hoteli. Mjini kumeingia homa ya mapafu na watu wanakufa. Pale tulipokuwa, ghorofa ya tano ilifungwa ghafla, tukaambiwa inapakwa rangi. Rangi gani hiyo isiyonuka, Mama? Wenzangu waliokuwa na tiketi waliondoka hata bila kuagana. Mimi siwezi kuondoka, magodoro na vyandarua vya mabanda yetu bado viko kiwandani, na kila nikimuuliza bosi wao hunijibu "meiyou", yaani hakuna, kisha hunigeuzia mgongo.

Ndipo Abass, yule kijana wa Tanga anayetutafsiria madukani, akanileta huku. Ni kisiwa katikati ya mto, unavuka kwa boti. Mzee Leung na mkewe wana mabanda ya mbao kando ya bwawa la samaki. Watu wa mjini huja Jumapili, wakavua, wakala kuku, wakalala wakisikiliza vyura, na wakirudi kwao husema wamepumzika. Ni sisi kabisa, Mama! Tofauti yetu ni kwamba hawa wamezungukwa na migomba na sisi tuna minazi.

Sasa mtoto wa mwenye mabanda nimekuwa mgeni, na nimekuwa mgeni mbaya. Nimekuja China kununua magodoro na nalala juu ya ubao na mkeka. Chandarua changu kina tundu la kupita paka. Nilinuna siku nzima, halafu nikamkumbuka yule Mjerumani aliyekuonyesha tundu kwenye chandarua chetu, nawe ukamwambia ni la kupitishia upepo. Nikacheka peke yangu.

Mke wa mzee wanamwita Apo, maana yake bibi. Huyo hacheki. Abass alipomweleza kwamba sili nguruwe alinitazama kama niliyemtukana, lakini asubuhi nikakuta sufuria mpya kizingitini, bado ina karatasi ya dukani. Hata hivyo amenipa banda la mwisho, mbali na wageni wengine, na nikikohoa kidogo tu hufunga mlango wa jiko. Ni vumbi la mjini, Mama, mimi najua. Ila yeye hajui. Naogopa nikiugua watanitoa, na nikitolewa hapa sina pa kwenda. Siku hizi hakuna hoteli inayompokea mtu anayekohoa.

Abass ataipeleka barua hii kwenye duka lao la faksi. Nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Mwanao,
Mwanahija


Jambiani
8 Aprili 2003

Mwanangu Mwanahija,

Waalaykum salaam. Goti liko vile vile, linanitabiria mvua kuliko redio. Kaka yako Rahim alinitumia faksi yako kutoka mjini na dereva wa gari la shamba, ndani ya bahasha, tena aliikunja mahali pabaya. Mashine yake imechoka. Maandishi yamefifia kama yaliyofuliwa, na miwani yangu imevunjika mkono, naishika kwa kidole. Nimekusoma kwa kukisia, na mengine nimeyajaza mwenyewe kwa kuwa nakujua. Andika herufi kubwa, mama, usiandike kama kuku anayeparua.

Redio imeshasema juu ya hiyo homa. Tangu hapo sina usingizi. Nasema rudi, na magodoro potelea mbali. Wageni wetu walilala kwenye magodoro ya sufi miaka yote na hakuna aliyekufa. Wewe ukifa nitamtandikia nani?

Hapa nako kuna mambo. Yule Mchina anayechimba visima, Bwana Chen, bado ni mgeni wangu, banda la mwisho kule kwenye mti wa mkadi. Ni mtu mtaratibu. Anakula ngisi wa nazi mpaka anatoa jasho, halafu anaosha sahani yake mwenyewe ingawa nimemkataza. Juzi alikohoa mezani. Vumbi la mashine yake hilo, kama lako. Basi Wataliano wawili wakahama siku ile ile, na jana Sheha wa kijiji amekuja na watu watatu kuniambia nimtoe. Niliwaambia mgeni wangu hatoki kwa maneno ya redio. Wakaondoka wamenuna.

Lakini ukweli nikwambie, mwanangu, na mimi naogopa. Namwekea chakula, nasogea nyuma. Anaona.

Kaa vizuri na hao watu. Mgeni mwenye adabu hafukuzwi.

Mama yako


Guangzhou
14 Aprili 2003

Mama,

Assalamu alaykum. Hujambo? Mimi si mzima. Homa imenishika tangu juzi na kifua kinabana. Naandika nimelala, nisamehe mwandiko.

Wananifukiza, Mama. Kila jioni, tena mlangoni kwangu tu, wageni wengine hawaguswi. Apo anakuja kajifunga kitambaa usoni, naona macho tu, hasemi kitu. Wananifukiza mpaka machozi yananitoka na pumzi zinakwama. Sijui nimewakosea nini. Nguvu ya kusimama sina, sembuse ya kutoka.

Abass leo amesimama mbali, hakuingia. Nitampitishia barua hii dirishani. Nimemwomba aandike namba ya simu ya nyumba hii chini ya karatasi.

Naogopa, Mama. Naogopa sana. Niombee, na mwambie Kaka Rahim nikifa wasiniache nizikwe bila kuoshwa.

Mwanao


Jambiani
16 Aprili 2003

Mwanangu,

Leo sina nguvu za salamu, lakini salamu ni ya Mungu: assalamu alaykum.

Wanakufukuza! Mgonjwa, hawezi kusimama, wanakufukuza kila jioni! Nimesoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nikakaa chini. Machozi yanakutoka, na huyo bibi kakaza macho juu ya kitambaa! Hana mtoto, huyo? Hakuna uchungu wa uzazi China?

Usitoke. Unanisikia? Shika kitanda, shika mlango, shika chochote. Wakikuburuta, piga kelele mpaka samaki bwawani wakimbie. Mwambie Abass awape magodoro yote wakitaka, lakini usitoke humo ndani.

Mimi nilitoka na faksi yako mkononi, nikamkuta Bwana Chen anaosha sahani. Sikumsalimia. Nikamwambia ondoka. Akafikiri nimesema lingine, akacheka. Nikamwonyesha njia kwa kidole. "Mimi kosa gani, Mama?" Nikamjibu, waulize ndugu zako wanaomfukuza mwanangu. Sijui kama alinielewa. Alimaliza kuipangusa ile sahani, akaiweka kabatini, akachukua begi lake. Watu wanasema amekwenda kulala ndani ya kontena la mabomba, kule wanakochimba.

Sheha amekuja kunipongeza. Sikumkaribisha ndani.

Nijibu upesi. Neno moja tu linatosha.

Mama yako


Jambiani
23 Aprili 2003

Mwanangu Mwanahija,

Assalamu alaykum. Sijui kama utaipata hii, wala sijui nani atakuvushia. Simu ya Abass haipatikani. Faksi ya Rahim iko kimya, kila siku nampigia kumuuliza, naye hujibu "bado, Mama" kwa sauti ndogo, mpaka nimemwambia asinijibu hivyo tena.

Redio inataja Guangzhou kwa idadi. Kila wakitaja mtu mmoja najua ni wewe. Mpaka wanasoma habari za mpira mimi bado niko kwako.

Rahim amepiga ile namba iliyo chini ya faksi. Amepokea mwanamke, akasema maneno mengi kwa sauti ya juu, Rahim naye akasema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha ikakatika. Amepiga tena, yale yale. Hakuna alichofahamu isipokuwa jambo moja: nyuma ya yule mwanamke alisikia mtu anakohoa. Ni wewe? Kama ni wewe basi u hai, na kama si wewe, nani anakohoa ndani ya nyumba uliyofukuzwa?

Nimefikiri usiku na mchana. Kisiwa hiki kizima kina mtu mmoja ninayemjua anayeweza kuzungumza na bibi yule. Mmoja tu, mwanangu. Nawe unajua nimemfanya nini.

Kesho nakwenda kwenye kontena.

Mama yako


Jambiani
26 Aprili 2003

Mwanangu, roho yangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na hii leo naitoa kwa sauti ingawa naandika. Nimesikia u hai. Sasa nakaa nikuandikie kila kitu, kwa herufi kubwa.

Nilimkuta Chen amekaa juu ya bomba, anakula mkate mkavu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba, yote yakanipotea, nikabaki kumnyooshea ile karatasi na kidole changu juu ya namba. Nikasema, "Mwanangu. China. Mgonjwa." Angeweza kunionyesha njia kama nilivyomwonyesha yeye. Alifuta mikono, akaniambia, "Twende, Mama." Tukaenda mjini kwenye ofisi yao yenye simu ya kupiga nje. Njia nzima hakukohoa. Naona alikuwa anakizuia kikohozi.

Kumbe ni mtu wa mkoa huo huo, lugha ya yule bibi ndiyo aliyonyonya kwa mama yake. Walizungumza muda mrefu. Nilimvuta shati, nikamwambia muulize kwa nini anamfukuza mtoto wa watu. Akauliza. Nikasikia kelele ndani ya simu, nikafikiri ni matusi. Chen akaniangalia, akatafuta Kiswahili, hakukipata, akavuta hewa kwa pua na kupepea mikono kama mtu aliye mbele ya moshi. "Siki," akasema. "Mama, siki. Anachemsha. Moshi, nyumba safi, mgonjwa pona. Kila siku."

Nilitoa faksi yako ya tarehe kumi na nne, nikaishika miwani kwa mikono miwili. Mwanangu, kuna i. Imefifia, mstari wa mashine umepita juu yake, lakini ni i. Wewe uliandika wananifukiza. Mama yako akasoma wananifukuza.

Mimi ninayefukiza udi nyumba hii kila Alhamisi! Mimi niliyekufukiza majani ya mchaichai chini ya blanketi ulipokuwa na surua, ukalia vile vile kwamba nataka kukuua!

Sasa sikiliza aliyoyasema Apo, maana labda hata wewe huyajui. Watu wa serikali walipita kisiwani wakasema mabanda yote yafungwe. Wageni wengine wameondoka wote, boti hazivuki, na Abass kafungiwa ndani ya jengo lao mjini. Wewe wamekuacha. Banda la mwisho alikupa tangu mwanzo kwa sababu ndilo lenye upepo. Alikuwa hasemi kwa sababu akisema huelewi, na siki inamchoma koo. Daktari wa hapo kisiwani amekuona, hajui bado ni homa ipi, lakini imeshuka tangu juzi. Umekula uji kwa ile sufuria yako. Umeashiria maji ya kutawadha, mzee akadhani una kiu, akakuletea chai. Niliposikia hilo la chai ndipo nililia, pale pale ofisini mbele ya wanaume.

Kwa hiyo tulia. Akija na siki yake, vuta. Machozi yakikutoka, yaache.

Nilimwomba Chen arudi bandani. Akasema, "Hapana, Mama. Kesho nikikohoa?" Hakusema kwa hasira.

Basi jana baada ya alasiri nilifanya nilichoweza. Nilichukua chetezo, udi ule niliokuwekea kwa arusi yako, na ngisi wa nazi kwenye bakuli, nikaenda kule kwenye kontena. Nilisema kama hataki kurudi kwangu, nitamfukizia huko huko aliko. Sheha aliniona napita na moshi wangu. Nilimwambia akitaka kunipongeza anifuate.

Chen alikuwa ndani ameinamia ramani zake. Niliingia na chetezo, moshi umetangulia, nami na kitambaa changu cha kichwa nimejiziba pua kwa ajili ya vumbi la kile kilima cha kupandia kontenani. Akainua macho, akaniona hivyo. Akasimama, akaanza kukunja ramani, akashika begi lake.

Nikaweka chetezo chini, nikakishusha kile kitambaa aone uso wangu. Nikamwambia keti, mwanangu, nimekuja kukufukiza, sikuja kukufukuza. Maneno haya mawili hayajui, angeyajuaje, hata mimi mwenye lugha yameniponyoka. Alibaki amesimama na begi mkononi. Nami nikakaa chini sakafuni kwenye bati, na goti langu hili, nikakaa tu, nikamfunulia bakuli. Udi ukaisha. Halafu akaweka begi chini, akala.

Bandani bado hajarudi. Nimemtandikia.

Mama yako