Spika Nne za Mzee Muigai

Mpendwa Bi Namalwa,

Ninashikilia, na nitatetea hadi mwisho wa barua hii, kwamba mtu aliyeonya kabla ya hasara hawajibiki kuomba radhi baada ya hasara kutokea, hata kama hasara hiyo imempata mzee, na hata kama mzee huyo ni baba wa msichana ambaye yeye anatarajia kumwoa. Naomba msaada wako si kwa sababu nina shaka na msimamo huu, bali kwa sababu watu watatu ninaowaheshimu wameukataa bila kutoa hoja hata moja, na mmoja wao ni Nyakio, ambaye hajapokea simu yangu tangu Jumapili ya wiki iliyopita.

Nina umri wa miaka ishirini na sita, nimehitimu shahada ya fizikia, ninaishi Kilimani, na ninafanya kazi katika ofisi ya bima pale Hurlingham nikingoja kazi inayolingana na masomo yangu. Nyakio ni mwalimu wa chekechea. Tumejuana miaka miwili, na wazazi wangu walikuwa wamepanga kwenda Kabiria mwezi wa Agosti kuijua nyumba ya kwao, kama desturi yetu inavyotaka. Mama yake sikuwahi kumwona, kwa kuwa alifariki miaka mitatu iliyopita. Baba yake, Mzee Muigai, ni mtu wa kanisa, mwenye vyumba vya kupangisha, na sikatai kwamba ni mtu mwema.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Mei Mzee Muigai aliona karatasi kwenye ubao wa matangazo wa duka moja la Hurlingham, pale ambapo wageni wanaohama nchi hutangaza vyombo vyao vya nyumbani, akaenda akanunua spika nne, mbili ndefu kama kabati na mbili ndogo za kuwekwa nyuma ya viti, bila amplifaya iliyokuwa ikiziendesha, kwa sababu mnunuzi mwingine alikuwa amemtangulia akaichukua, na mtu yeyote aliyewahi kufungua kitabu angesimama hapo hapo na kujiuliza, je, spika hizi zitasukumwa na nani? Spika haina nguvu zake yenyewe. Husukumwa na amplifaya, na kila amplifaya ina mzigo inaoweza kuubeba, mzigo unaopimwa kwa ohm, na kadiri ohm zinavyopungua ndivyo mzigo unavyozidi kuwa mzito. Spika za Mzee zimeandikwa ohm nne. Risiva yake, ile iliyo chini ya runinga na ambayo ndani yake ndimo ilimo amplifaya, imeandikwa mgongoni kwamba isipewe chini ya sita. Nilimweleza haya. Akanijibu kwamba risiva ina wati elfu mbili, kwa kuwa katoni imesema hivyo. Nikamweleza kwamba wati za katoni ni hesabu ya muuzaji, na za kweli zimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo, nazo hazifiki mia kwa kila spika. Nikaomba kijitabu cha maelezo, nikaenda nacho, nikakisoma chote kwa siku mbili, jambo ambalo naamini hakuna mwingine katika nyumba ile aliyewahi kulifanya.

Jumapili hiyo ya wiki iliyopita ilikuwa ya ukumbusho wa mama yake Nyakio, marehemu Mwihaki. Nyakio alikuwa amepeleka mjini kanda ya zamani ya kwaya ya kanisa, ya mwaka wa 1993, ikahamishiwa kwenye DVD, na jamaa kama thelathini walikuja kwa maombi na kumtazama marehemu akiimba. Fundi Nashon alifika asubuhi, akafunga spika za mbele mahali pa mbele na za nyuma mahali pa nyuma, kama inavyostahili, lakini kwa kuwa kanda ni ya zamani sauti yote ilitoka mbele, na zile za nyuma zikawa zinanong'ona tu.

"Nashon, hizi mbili zimelala," Mzee akasema. "Ziamshe. Nataka zote nne ziimbe."

Nashon akachomoa nyaya za nyuma, akazisokota pamoja na za mbele katika matundu yale yale. Hapo nikasimama, maana spika mbili zikishirikiana tundu moja ohm hupungua nusu na mzigo huwa maradufu.

"Mzee," nikasema, "ukizifunga pamoja hivyo, nne na nne zinakuwa mbili. Risiva haitabeba. Itazima."

"Nne na nne ni mbili?" Mzee akawageukia wageni. "Hiyo ndiyo hesabu mnafunzwa huko university?"

Watu wakacheka. Shangazi yake Nyakio, anayeitwa Wanjira, akasema, "Mwacheni. Huyu amesoma mpaka hesabu ikaanza kurudi nyuma."

"Boss, mimi nimefunga hizi vitu makanisa saba," Nashon naye akaniambia, bila hata kuinua kichwa. "Na mwenye nyumba amesema zote ziimbe."

"Kijana," Mzee akamaliza, "wewe umesoma vitabu, mimi nimenunua spika. Kaa chini ukule chapati."

Nikakaa. Baadaye kidogo Nyakio aliniletea chai, akainama akaninong'oneza, "Si uwasaidie tu? Wewe unajua hizo vitu." Nikamjibu kwamba nimeambiwa nikae nile, na kwamba baba yake akitaka msaada mdomo anao. Jibu hilo halikuwa la ukali. Msaada usioombwa na mwenye mali ni uvamizi, na wenye busara wa kila zama wamelikubali hilo. Dawa niliijua, kwa maana ukurasa wa thelathini na moja wa kijitabu unaeleza kwamba kuna kitufe kwenye rimoti kinachopeleka sauti ile ile kwa spika zote, kila moja ikiwa mahali pake, bila kusokota waya wowote, na ningeitaja papo hapo kama ningeulizwa.

Basi DVD ikawekwa, kwaya ikaimba, sauti ikawa kubwa na nzuri kwa dakika kama kumi, nikawaona wakinitazama. Kisha ukafika ubeti wa tatu, ambapo wenzake wananyamaza na marehemu anaimba peke yake, naye akafungua kinywa, na risiva ikalia "ta" ndogo, spika zote zikakatika. Sauti yote ilikuwa imepitishwa kwenye risiva, kwa hivyo runinga nayo ilikuwa bubu. Picha iliendelea. Mdomo wake ulikuwa unasogea. Mimi nikasema, "Nilisema." Sikupaza sauti wala sikucheka, nilisema neno hilo moja, ambalo ni la kweli, na mashahidi thelathini walikuwapo. Mzee hakugeuka. Aliendelea kutazama mpaka wimbo ukaisha, ingawa hapakuwa na cha kusikia. Nashon akawa anaiwasha na inazima, anaiwasha na inazima, mpaka Shangazi Wanjira akamwambia aiache.

Nilipokuwa nikitoka, Nyakio alinifuata hadi langoni akaniambia, "Ulikuwa unangoja izime." Nikamweleza tofauti kati ya kutabiri na kutamani, nikampa mfano kwamba anayetabiri mvua hashtakiwi kwa mafuriko. Akafunga lango. Kesho yake akanitumia ujumbe wa simu: "Waambie wazazi wako Agosti tuache kwanza." Rafiki yangu Mwendwa ananiambia niende nikaombe radhi. Mama yangu mzazi ananiambia niende na sukari nikaombe radhi. Nikiwauliza radhi ya nini, Mwendwa anacheka na Mama anabadilisha mazungumzo. Mimi sitaki kumpoteza Nyakio, nalisema hilo waziwazi, lakini mume anayeanza ndoa kwa kuomba radhi kwa sababu alikuwa sahihi atakuwa mume wa namna gani, na watoto wake watajifunza kwake kuiheshimu kweli au kuinamia kelele za walio wengi?

Kwa hiyo nakudai, Bi Namalwa, unijibu hadharani, katika safu hii na si kwa barua ya faragha, ili Kabiria isome kama nilivyochekwa Kabiria, na useme kwa maneno yasiyofichika ni nani aliyekosea.

Ni mimi,
Kihara, B.Sc., Kilimani

*

Kihara mwanangu,

Majina yote nimeyabadilisha, lako pia, ingawa ulinisihi mara mbili nisiliguse. Siku moja utanishukuru.

Kuhusu spika, uko sahihi. Barua yako nilimpelekea Wachira, anayetunza mitambo ya sauti ya kanisa letu, naye akaisoma akikubali kwa kichwa. Nne na nne zikisokotwa pamoja ni mbili, wati za katoni ni za katoni, na Nashon alikosea, makanisa saba au sabini. Kata sehemu hii uibandike ukutani.

Lakini Wachira aliniuliza jambo moja. "Mbona huyu anaiita hasara?" Anasema risiva hiyo haikuungua. Ilijizima ili isiungue, ndivyo ilivyoundwa, na ilikuwa ikizima kila ikiwashwa kwa sababu nyaya zilikuwa bado zimesokotwa. Zikitenganishwa, itaimba. Wewe unayajua haya, maana kijitabu umekisoma chote. Basi kwa wiki nzima Mzee Muigai anaamini kwamba ameua mashine yake siku ya ukumbusho wa mkewe, na mtu pekee anayejua kwamba si kweli ameketi Kilimani akiniandikia mimi.

Tena nieleze kuhusu ukurasa wa thelathini na moja. Umeukumbuka kwa kichwa, au kijitabu kiko mezani pako? Katika barua yako umekichukua, umekisoma, lakini sikuona mahali ulipokirudisha. Sasa Nashon huyo unayemdharau angesoma wapi habari za hicho kitufe? Ulichukua maelezo ya nyumba nzima ukaondoka nayo, kisha ukakaa kwenye kiti kuwahukumu wasioyajua.

Ulichekwa mbele ya watu, na kuchekwa kunauma. Ulimi wa Shangazi Wanjira ungeniuma hata mimi na mvi zangu. Mzee naye hakukutendea haki. Mgeni aliyesimama kusema kweli hafungwi mdomo kwa chapati, na kama ataisoma safu hii, namwambia hivyo. Hapo nakupa pole ya dhati. Pole yangu inaishia pale chai ilipoletwa. Unasema ungesaidia kama ungeombwa. Uliombwa, Kihara. Aliyekuomba ni msichana mwenye mama marehemu, alikuinamia na kikombe mkononi, na hukumsikia kwa sababu ulitaka baba yake ndiye aombe, kwa sauti, mbele ya wale wale waliokucheka. Kuonya uliacha hapo. Kuanzia hapo ulikuwa mshindani, na uliokuwa ukishindana nao hawakujua kwamba kuna mashindano.

Sasa nisikilize, maana una kazi ya kufanya.

Jumamosi asubuhi nenda Kabiria peke yako. Sukari ya mama yako iache, na huyo Mwendwa mwache. Chukua kijitabu na bisibisi. Ukikaribishwa, kabla hujaketi, sema: "Mzee, nimekurudishia kijitabu chako, na mashine yako ni nzima." Anza na hilo, habari njema hailimbikizwi. Kisha omba ruhusa ya kuigusa. Nashon aitwe, na bisibisi ashike yeye. Wewe mshikie kijitabu na umwonyeshe ukurasa. Spika za mbele zirudi mbele, za nyuma zirudi nyuma, kitufe kibonyezwe, na Wachira anasisitiza kwamba sauti isipite nusu, kwa kuwa ohm nne bado ni mzigo kwa risiva ile hata bila kusokotwa. Mzee akitaka zaidi ya hapo, mwambie atafute amplifaya inayokubali nne, na jitolee kwenda naye mjini kuitafuta. Mwambie kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda, si ya mtu anayesahihisha mtihani.

Radhi usiombe kwa ajili ya ohm. Iombe kwa ajili ya neno moja ulilolisema wakati mdomo wa mama wa watu ulipokuwa ukisogea bila sauti. Mwombe Mzee kwanza, kisha Nyakio. Neno lenyewe lilikuwa la kweli; wewe ndiwe uliyelifurahia, na watu thelathini walikuona.

Kisha DVD iwekwe tangu mwanzo. Keti pale utakapoonyeshwa. Ubeti wa tatu ukifika, usiwatazame usoni kuona kama wanakumbuka nani aliyetengeneza. Marehemu akimaliza kuimba, nyamaza. Habari za Agosti usizitaje kabisa. Neno hilo alilifunga Nyakio, na atakayelifungua ni yeye.

Uliniuliza ni nani aliyekosea. Nashon alikosea waya, Mzee alikosea adabu kwa mgeni, na makosa yote mawili yanarekebishika kwa asubuhi moja. La kwako liko katika yale maneno uliyoambiwa langoni. Umeniandikia kuhusu mvua, mafuriko, wenye busara wa kila zama na watoto ambao hujawazaa, lakini Nyakio hukumjibu. Ulinidai jibu hadharani, umelipata. Nami nakudai lako, hapa hapa, kwa jina lako halisi na shahada yako ukipenda: ulikuwa unangoja izime, au hukuwa unangoja? Ndiyo au la. Ukurasa huu utakuwekea nafasi ya neno hilo moja, na Kabiria itasoma.

Bi Namalwa