Karatasi Niliyomwachia Bi Zuhura

Mombasa, Jumapili baada ya kanisa

Kaka Mwadime,

Pokea salamu zangu, wewe na wote mlio hapo nyumbani. Goti la mama linaendeleaje na baridi ya huko mlimani? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na ukisoma utajua kwa nini. Bahasha yako imefika, na ile karatasi ya shamba la marehemu baba unayotaka niitie sahihi nimeiona. Jibu lake liko mwisho. Usiruke, nakujua.

Nilikwambia wakati wa Pasaka kwamba chuo kimenikubalia niunde kikundi cha utafiti wa sheria na jamii. Kikundi ni jina kubwa. Tulikuwa watatu tu: mimi, Bwana Katana anayefundisha sheria za ardhi, na Rukia, binti wa Kibokoni, mwanafunzi wangu wa uzamili. Jambo tunalolichunguza wewe utaliona kichekesho. Hapa kisiwani mtu huwa na nyumba yake, kuta na paa, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine. Wengi wameishi hivyo tangu enzi za babu zao, kwa maneno ya mdomo tu. Tulitaka kujua wanasikilizana vipi, na wakikosana huenda kwa nani.

Milango alitufungulia Rukia. Mimi na lafudhi yangu hii ningeishia barazani. Ila kwa jambo moja tulivutana. Chuo kinataka kila anayehojiwa atie sahihi fomu ya kukubali, na nakala moja abaki nayo. Rukia akanambia, "Dada, huku karatasi haiatwi nyumbani mwa mtu. Itamtia mashakani." Nikamjibu lazima tuiache, utaratibu ni utaratibu. Si mimi ndiye mwalimu?

Mwezi haukuisha, Bi Zuhura, mjane wa Bondeni aliyetukaangia kaimati siku ya kwanza, akaletewa barua na mwenye ardhi: aondoe nyumba yake. Barua ilisema hana makubaliano yoyote ya maandishi. Na hilo alitwambia sisi, ndani kwake, mlango umefungwa. Wiki iliyofuata zikapata barua nyumba mbili nyingine, na zote tulikuwa tumeziingia.

Kaka, nikaanza kumwangalia Rukia kwa jicho jingine. Mjomba wake ni dalali wa nyumba. Simu yake ikilia, alitoka nje kuzungumza. Nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Sikumuuliza neno. Nilibadilisha kufuli la kabati la madaftari, Katana nikampa ufunguo, yeye nikamnyima. Asubuhi alijaribu ufunguo wake mara mbili, kisha akanitazama.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Akauweka mezani, akaondoka taratibu. Hajarudi mpaka leo.

Siku mbili baadaye nilikwenda na Katana kwa Bi Zuhura, tuone barua ile itajibiwaje. Nikamuuliza nani alikuja kumdadisi.

"Hakuja mtu, mwanangu. Mimi ndiye niliyekwenda. Ile karatasi yako nilimpelekea msimamizi wa mwenye ardhi siku ile ile. Marehemu mume wangu aliniusia, karatasi yoyote ya nyumba ikiingia, mwonyeshe, asije akasema tumemficha. Akaisoma, akanambia nimefanya vyema, akabaki nayo."

Kwenye fomu ile nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: ana nyumba, ardhi si yake, hati ya makubaliano hana. Chini yake sahihi ya Bi Zuhura. Wale wengine nao walifanya vivyo hivyo. Ndiyo desturi yao, na Rukia aliijua, akanionya.

Katana anamsimamia mama huyo mahakamani, lakini hatujui itakuwaje. Nilikwenda Kibokoni kuomba radhi. Mamake Rukia alinipa kahawa na halua, adabu tupu. Rukia akasema, "Nimekusamehe, dada. Lakini ungeniuliza." Kama atarudi, hakusema.

Sasa karatasi yako. Nimeisoma mara tatu. Inasema mimi na mama tunakukabidhi shamba lote ulisimamie. Haisemi mpaka lini, wala haisemi kwamba huwezi kuliuza. Alama ya kidole cha mama tayari iko pale, na mama hajui kusoma.

Sijaitia sahihi. Rukia nilimshuku kimyakimya, nikampoteza. Wewe ndiye kaka yangu wa pekee, kwa hivyo nakwambia waziwazi: nakushuku. Nitakuja chuo kikifungwa. Tuketi jikoni kwa mama, umsomee neno kwa neno, nami nikisikia. Nikiwa nimekukosea, nitakupigia magoti hapo hapo.

Msalimie shemeji, na wanao, na yule babu jirani aliyenifundisha kuhesabu. Barua hii anakuletea shangazi Mghoi, dada yake marehemu baba. Usishangae kuikuta bahasha imefunguliwa. Nimemwomba amsomee mama kwanza.

Dada yako akupendaye, asiyelala vizuri,
Wakesho