Vijiti Vilivyopakwa Udongo

Msambweni,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Kuna sauti moja iliyonikaa masikioni tangu mwaka niliofika huku, na sasa tu ndiyo nimeielewa vya kutosha kukuandikia. Ni fupi. Chsss, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, kisha kimya. Niliisikia kila mara Bi Tangamu alipokuwa akinitayarishia vile vijiti vya kukuletea. Yeye yuko jikoni, mimi niko uani namwagilia maji, na ile sauti inatoka dirishani mara tatu, mara nne. Nilidhani anageuza mkate.

Shikamoo, mama. Kifua chako kikoje? Mdogo wangu Omari aliniandikia kwamba unalala umekaa, mito mitatu mgongoni, na kwamba hutaki niambiwe. Majani ya mwezi uliopita yalifika yakiwa bado na harufu? Unayachemsha na tangawizi kama nilivyokueleza, au umeshayachoka? Mimi mwili wangu ni mzima. Nafundisha darasa la nne na la tano, na wasichana wameongezeka mpaka wengine wanakaa sakafuni. Barua hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu ili uisome mwenyewe bila kumpa Omari. Mkono wangu umezoea ubao wa shule, unisamehe mwandiko.

Miaka mitatu umemwombea dua Bi Tangamu na hujapata kumwona. Ni mjane wa Kihindi, wa kusini kabisa huko kwao, si katika wale wenye maduka tunaowajua sisi Lamu. Mumewe alikuwa karani wa bohari, akafa kabla bendera yetu haijapandishwa. Alimwachia nyumba ya mawe na bustani, na mimi nikapewa chumba cha uani. Hakunitoza kitu ila maji: kila alfajiri nimwagilie bustani yote kabla sijaenda shule.

Bustani yenyewe si kubwa kuliko ua wetu. Nusu yake imo katika madebe ya samli yaliyotobolewa chini. Mrihani wao, wanaouita tulasi, umekaa katikati juu ya kijukwaa cha matofali, na ndio unaosalimiwa kwanza asubuhi. Mti wa majani ya mchuzi hunyweshwa maziwa yaliyochacha. Manjano iko kivulini, tambuu imeuparamia mlonge, na penye mfereji wa kisima, ambapo hapakauki, kuna kijani kidogo kinachotambaa ambacho aliwapa wanafunzi wangu wasioshika masomo. Upande wa baharini kuna ua wa makuti, maana upepo wa chumvi huunguza majani. Na ukutani, umemzidi mtu kimo, ndipo ulipo mti wako. Kwao huitwa adatoda. Alinieleza kwamba maana yake ni jani asiloligusa mbuzi. Ni kweli, mama. Mbuzi wa hapa hula hata kamba za kuanikia nguo, lakini ule huupita kama ukuta.

Watu walijaa barazani kwake kila asubuhi, Waswahili, Wadigo, Wahindi, hata karani wa serikali. Hakuna aliyetoka pale bila jani, na hakuna aliyetoka bila tusi. Mwanamke aliyeleta mtoto anayekohoa aliambiwa, "Wewe jua kuzaa tu, kulea hapana jua." Yule mwanamke akacheka kwa aibu, akapokea majani kwa mikono miwili.

Alikuwa na sharti moja la bustani. Mwanamke aliye katika siku zake asisogelee tulasi, wala kivuli chake kisiuguse, mti utakauka. Basi kila asubuhi, baraza imejaa, alinipigia kelele kutoka kwenye kiti chake: "Mwalimu! Leo wewe iko safi?" Nisipojibu aliuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Wanaume wazima waliangalia viatu vyao. Miongoni mwao walikuwamo baba za wasichana ninaowafundisha. Unajua mimi ni mtu wa namna gani, mama, hata homa naificha. Kwa miaka mitatu nimezitangaza siku zangu mbele ya watu ili wewe upate majani.

Na majani hakuninyima hata mara moja. Hilo lazima niliandike. Lakini mimi nilitaka upate mti.

Unakumbuka mara ya kwanza. Nilikuja likizo na vijiti vinne nimevifunga katika gunia bichi, kila kimoja kimepakwa udongo mnene kwenye ncha. "Hii usitoe," aliniambia. "Udongo ndiyo dawa ya mti." Nawe hukuutoa. Ulivipanda kando ya asumini yako, ukasoma Bismillahi, ukavitilia kivuli cha kanga. Vikakauka. Mara ya pili nilimpa mjomba avilete, vikakauka. Mara ya tatu tulipanda wote wawili, na Bi Maryamu, jirani yetu, akaegemea mlango akatuangalia. "Mkono huo umekwisha, mwenzangu," alisema. "Na hiyo mirihani iondoe mapema, isije ikafa nayo." Wewe ulicheka. Mimi niliona kicheko kilivyokatika.

Likizo iliyofuata nilikuta ua mtupu. Wewe ambaye hakuna bibi harusi wa mtaa wetu asiyevaa kikuba cha maua ulichokitunga, umempa Bi Maryamu asumini na mirihani yote, na vikuba anavitunga yeye. Nilipokuuliza uliviangalia viganja vyako. "Baraka imetoka," ukasema, kama mtu anayesema mvua imekatika. Kucha zako zilikuwa safi kabisa. Sijapata kuziona hivyo tangu nizaliwe.

Niliporudi nilimsimulia Bi Tangamu. Alisonya. "Mama yako mkono moto. Mkono moto hapana otesha kitu." Na mimi nikasadiki, mama. Nilikuwa nikikaa darasani nikikufikiria kama mtu aliyepatwa na jambo, nikajiuliza ulimkosea nani. Hilo nakuomba radhi kabla ya yote.

Wiki tatu zilizopita Bi Tangamu aliupogoa ule mti, kwa kuwa alikuwa anauza nyumba. Mejumaa, jirani aliyekuwa akimfagilia ua, akaenda kuyatupa matawi jaani. Mvua ikanyesha. Siku moja nilikwenda kumwaga majivu nikayakuta yamechipua yote, mengine yamelala kichwa chini miguu juu na bado yametoa majani.

"Mejumaa, nani aliyeupanda huu?"

"Nani apande jaani, mwalimu? Umejipanda. Mti huo hata ukiusonya unaota."

"Kwa mama yangu haukuota mara tatu."

Akaiweka ndoo chini. "Na kwangu mara mbili. Nikaambiwa nyumba yangu ina kijicho. Nikamshuku mke mwenzangu mwaka mzima, maskini, chakula chake sikukitia mdomoni." Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Jumamosi yake nilimwomba Bi Tangamu vijiti kwa mara ya nne. Alinikatia, akaingia navyo jikoni. Niliposikia ile sauti sikungoja. Nilizunguka nikasimama mlangoni. Chuma chake cha kupikia mikate ya mchele kilikuwa juu ya makaa, kimewiva, naye anakikandamizia ncha ya kijiti, anakizungusha taratibu ili lisibaki jicho zima la kutolea mizizi, kisha anachota udongo bakulini anaifunika. Aliniona, akaendelea.

"Unafanya nini, Bi Tangamu?"

"Nafunga kidonda ya mti."

Nilichukua kimoja nikaubandua udongo kwa ukucha. Ncha ilikuwa nyeusi kama kaa.

"Na vya mama yangu ulivifunga hivi?"

"Ya mama yako, ya Mejumaa, ya kila mtu. Wewe mwalimu, tumia akili. Mimi ikitoa mti, kesho nani atakuja mlango yangu? Nani atasema, mama, hujambo?"

"Lakini unaondoka. Hakuna mlango tena."

"Basi watu itafute mimi," alisema. "Iseme, Tangamu iko wapi."

"Mama yangu ameacha kupanda. Anadhani mkono wake umelaaniwa."

"Jani mimi nimenyima? Sema. Siku gani mimi nimenyima jani?"

Aliifuta mikono yake, akaniuliza kama tambuu nimeshainywesha.

Basi sikiliza, mama. Mjomba anayekuletea barua hii amebeba pia debe la samli. Ndani yake mna tawi nililolitoa jaani kwa mkono wangu. Lina majani tisa, na mizizi imeanza kushika udongo. Debe nimelitoboa mwenyewe, na tangu Mejumaa alitupe hakuna aliyeligusa tawi lile ila mimi. Ulipande wewe. Asilipande Omari, wala mtu mwingine. Mwite Bi Maryamu aje aangalie, mpe na kiti. Likishika, mwambie akurudishie asumini yako, na umwambie ni mimi niliyesema. Mkono wako haujawahi kuwa na kitu, mama. Ulipewa maiti ukaambiwa uifufue.

Nisalimie shangazi, macho yake yapumzike kidogo na kushona kofia. Msalimie Omari, na mwalimu wangu wa chuo, umwambie Kurani yangu naisoma. Na Bi Maryamu naye umsalimie. Mimi sasa nakaa kwa Mejumaa, chumba kimoja na binti zake, na yule mke mwenzake ndiye anayetupikia.

Mpaka hapa, ukitaka, wasomee watu. Yanayobaki ni yako peke yako.

Mwana wa Bi Tangamu yuko Uingereza. Ndiye aliyemwita, maana Bi Tangamu ana pasi ya safari ya Kiingereza na wenye pasi hizo wanaondoka kila wiki. Wiki hii vidole vyake vilivimba viungo, kisu hakikai tena mkononi. Jumanne iliyopita aliniita, na kwa mara ya kwanza hakuniamuru, aliniomba. Alitaka nimkatie vijiti saba vya adatoda vya kwenda navyo.

"Huko iko baridi," alisema. "Kifua yangu hapana weza." Ni kweli. Kila masika nilimsikia ukutani akikohoa mpaka anatapika. Alinieleza kwamba atavitia katika madebe, ayaweke dirishani ndani ya nyumba ya mwanawe. Kisha akatabasamu, nami sijawahi kumwona akitabasamu. "Watu ya huko naye kohoa sana. Watakuja."

Nilimwambia amwombe Mejumaa. Akasema, "Hapana. Wewe mtu ya dini." Akauangalia tulasi pale kati, akaniuliza, kwa sauti ndogo safari hii, "Leo wewe iko safi?"

Nikamjibu kwamba niko safi, na haikuwa kweli.

Alitoka barazani kuagana na watu. Nilikata vijiti saba vizuri, vilivyokomaa, vyenye macho matatu kila kimoja, nikaingia navyo jikoni. Chuma chake kilikuwa bado kiko motoni. Nataka ujue, mama, kwamba nilisimama pale muda wa kutosha kabisa kubadili nia. Nilizisikia sauti za watu barazani wakimwuliza nani atawatazama sasa. Nilikufikiria wewe, nikafikiria kucha zako. Kisha nikakandamiza cha kwanza. Kile nilichokisikia miaka mitatu kupitia dirishani, kwa karibu kina harufu pia, ya jani linaloungua, kali kidogo, karibu na harufu ya dawa yenyewe inapochemka. Nilivizungusha taratibu kama alivyovizungusha yeye. Nikavipaka udongo. Nikavifunga katika gunia bichi.

Nilipompa, alikipitisha kidole gumba juu ya udongo wa kijiti cha kwanza. Taratibu, akizunguka. Yeye anajua kuliko mtu yeyote kwamba kijiti kizima hakihitaji udongo. Nilingoja aubandue kwa ukucha kama nilivyoubandua mimi, na angeubandua nisingekimbia. Hakuubandua. Aliniangalia, akalikunja gunia, akalifunga kwa uzi.

Alhamisi alipanda basi la Likoni. Masanduku aliwaachia watu wayapandishe juu. Vile vijiti alivipakata mwenyewe, na basi lilipoondoka nilimwona ameinamisha kichwa, anavinyunyizia maji kwa vidole.

Mwanao,
Sauda