Waya Uliokamatwa Natta

Natta, Jumapili

Baba, shikamoo.

Habari mpya ni ya leo asubuhi, na aliyeisema ni mkuu wa kituo cha askari wa wanyamapori hapa jirani: waya wetu wa antena utarudishwa kwa majaribio. Ataleta askari wake, tuupandishe mtini mbele yao, na redio iongee. Ikiongea, ataandika kwamba waya aliokamatwa nao jirani yangu Makuru haukuwa wa mtego. Isipoongea, jalada linakwenda polisi.

Goti lako linaendeleaje? Mama ameniambia umerudi shambani kupalilia kahawa, jambo ambalo wewe mwenyewe hukuligusia. Mimi ni mzima. Mvua imechelewa huku, na wiki iliyopita niliandika habari za wafugaji wa Issenye wanaopeleka ng'ombe mbali kutafuta maji. Uliuliza kwa nini umeita redioni siku nzima bila jibu. Nakueleza kwa barua kwa sababu simu ya huku hukatika katikati ya maneno, na jambo lenyewe limetokana na maneno.

Makuru ni mlinzi wa lango katika kambi moja ya watalii. Nilipomwambia nina leseni ya redio ya ridhaa, ya kuongea na watu wa mbali kwa antena tu, na kwamba baba yangu yuko Mbinga na mtambo wa namna hiyo hiyo, alicheka. "Mbinga bila mnara? Mwandishi, unanidanganya." Lakini alikuja kunisaidia. Nyuma ya nyumba yangu kuna mgunga mrefu. Alifunga kamba ya nailoni kwenye rungu lake, akalirusha, likapita juu ya tawi mara ya kwanza. Kwa kamba hiyo tukavuta waya mpaka juu, mita kumi kila upande kama ulivyonifundisha, ncha zikaning'inia kwenye vipande vya bomba la plastiki. Kipande cha waya nilichokata kwanza kilikuwa kifupi mno. Kile kipande, kikiwa tayari na kitanzi nchani cha kufungia kamba, Makuru alikiomba akafungie banda la kuku.

Kosa langu lilikuwa mdomoni. Wakati tunavuta nilimwambia, "Tukitega vizuri, tutamnasa Baba." Ni lugha yetu mimi na wewe. Wewe kila nikikuita hujibu "nimekunasa." Kwa Makuru Kiswahili ni lugha ya pili, na aliyachukua maneno yangu kama nilivyompa.

Njiani kwenda kwake alikutana na doria. Wakafungua mfuko. Huku, karibu na pori la akiba, waya wenye kitanzi una kazi moja tu, nayo ni kunasa nyumbu au swala. Wakamuuliza ni wa nini. Akajibu bila wasiwasi, "Ni wa mwandishi, afande. Mwingine tumeutega kule kwenye mti wake."

"Mmetega nini?"

"Tunataka kumnasa baba yake."

Wakaja naye hadi kwangu. Niliwaonyesha redio na leseni. Mkuu wao, ndiye huyo wa kituo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliisoma leseni yote, mbele na nyuma. "Hii ni ya redio," akasema. "Haisemi lolote juu ya waya. Na huyu amekiri mwenyewe." Wakaushusha waya wote wakaondoka nao. Makuru walimwachia jioni kwa dhamana ya mwenyekiti wa kijiji, lakini kambi imemwambia asirudi langoni mpaka awe na karatasi ya kumsafisha. Mlinzi anayetuhumiwa ujangili hawezi kukaa lango la watalii, na siwalaumu.

Nilikwenda kuomba radhi nyumbani kwake. Mkewe, Bhoke, Mkurya wa kule Matongo, alinipokea amesimama. "Karibu, mwindaji," akasema. "Yule mzee wa watu mlimpata? Nyama yake ikoje?" Halafu akaacha utani. "Dada, hii kazi ndiyo ada ya watoto. Wewe utaandika habari nyingine kesho. Sisi je?"

Nimeandika habari nyingi za ujangili na kila mara nimeandika "alikutwa na nyaya" bila kuuliza nyaya za nini. Sisemi waliokamatwa walikuwa wakifunga antena. Wengi walikuwa wakitega. Nasema tu kwamba sikuwahi kuuliza, na sasa ninauliza.

Nilimshauri Makuru akae mbali siku ya majaribio. Amekataa. "Nikijificha watasema nimekimbia. Rungu nitarusha mimi."

Kwa hiyo, Baba, nakuhitaji. Siku na saa nimekwisha kumtumia Kaka kwa ujumbe wa simu. Hii barua, inayokuja kwa basi, ni ya sababu. Kagua betri. Uwe kwenye masafa yetu ya asubuhi, na kama kuna kelele angani usiondoke, nitaita mara nyingi. Ukinisikia, taja jina lako, mahali ulipo, na kwamba unaongea na mwanao aliyeko Natta. Tafadhali usiseme umeninasa. Sema "nakusikia," basi. Mama wa doria atakuwa amesimama karibu na spika.

Mama mpe shikamoo yangu, na asikuruhusu kwenda shambani siku hiyo. Kaka, anayekuchajia betri dukani kwake, mwambie namtegemea. Shangazi anayesali jumuiya ya asubuhi amkumbuke Makuru na nyumba yake.

Ni Alhamisi hii, saa nne asubuhi. Mimi nitaanza kuita, wewe usikilize kwanza.

Binti yako,
Restituta