Barua Niliyomwandikisha Mwanao

Ifakara,
Jumapili, 18 Agosti 1912

Mpendwa Kaka Kelestini,

Shikamoo kaka. U hali gani huko Tabora, na kifua chako je? Ulituambia vumbi la reli linakukohoza. Natumaini sasa unapumua vizuri. Sisi wa Lupiro tu wazima. Mke wangu Stefania hajambo, mwanangu Donati hajambo, mpunga tumeshavuna, na mwaka huu viboko walituachia zaidi ya walichokula.

Mkono huu ni wa Mwalimu Fulgensi, anayefundisha shule ya misheni hapa Ifakara. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwomba asinisafishie maneno, hata nikijitukana. Ameshanitazama mara mbili na bado sijasema kitu.

Kaka, nimekukosea. Nimemkosea na mwanao Theodosia zaidi yako.

Ulipoondoka kwenda kazi ya reli, njaa ya baada ya vita vya maji ilikuwa imeshamchukua mama yake. Ukamweka mtoto mikononi mwangu, ukasema tangu leo ni wangu. Nikaitika. Mwaka uliofuata jumbe alipita akitangaza amri ya Wadachi kwamba kila nyumba itoe mtoto mmoja wa kusoma. Wakati ule tuliamini wanaosoma watapelekwa pwani na hawatarudi, na Wadachi ndio hao tuliowaona wakichoma ghala zetu. Nani angewapa mwanawe? Donati nilimficha shambani, katika kibanda cha kulindia ndege. Nikamtoa Theodosia. Nilijiambia kwamba ana akili nyepesi, shule itamfaa. Uongo mtupu. Nilimtoa kwa sababu hakuwa wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa mzazi wa mdomoni tu.

Basi shule haikummeza. Analala kwa Mwalimu na mkewe Digna, anakula, na kusoma aliwashinda wote. Lakini wenzake wana watu wa kuwatembelea. Jirani yetu Balbina, asiyejua hata herufi moja, huvuka mto kila mwezi na kapu lake la wali. Mwanawe humwonyesha kibao alichoandika, naye hukishika kichwa chini miguu juu na kusema, "Hapo umeweza, mwanangu!" Digna anasema mtoto yule baada ya hapo husoma kwa bidii wiki nzima. Theodosia siku hizo alikuwa akifuta kibao chake mapema, kabla wageni hawajafika. Miaka miwili mizima sikutia mguu. Nilisingizia ndege, nikasingizia mafuriko, nikasingizia mtumbwi unaovuja. Ukweli ni kwamba niliogopa macho yake.

Nilikuja siku nilipokuwa na shida yangu mwenyewe. Barua yako ya kwanza ilifika mwaka jana baada ya mavuno, na pale kijijini hakuna mtu mzima ajuaye kusoma. Mwalimu hakuwapo, nikampa Theodosia. Alisimama mbele yangu akayasoma maneno yako kwa sauti moja, haipandi wala haishuki. Ulisema kama mwanao anaangaliwa vizuri utabaki kazini, na kama moyo wake hauko sawa nikujulishe, uje umchukue kabla ya mvua.

Niliona haya, kaka, na hasira zako nazijua. Nikamwambia ashike kalamu. Nikamtajia kwamba hajambo, tunamtembelea kila mwezi, Stefania humpelekea wali na samaki, na kulia ameshasahau. Aliandika yote. Mara moja tu aliinua uso akaniuliza, "Baba mdogo, niandike samaki gani?"

Nikasema aandike perege.

Mwalimu ameweka kalamu chini. Haya, ameishika tena.

Ukanijibu mwezi wa sita mwaka huu, ukanishukuru sana. Ukasema kwa kuwa mtoto ametulia, umeweka dole gumba kwenye mkataba wa miaka miwili mingine. Hiyo nayo aliisoma yeye. Akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili, akaniaga. Mimi nikaenda zangu, tena nikiwa mwepesi, Mungu anisamehe, nikidhani mambo yamekwisha.

Njia ya mwongo ni fupi. Wiki iliyopita Digna alimtuma Balbina aniambie kwamba tangu siku ile Theodosia hasomi kwa sauti, hachezi, na kibao anakirudisha kitupu kama alivyopewa. Akiulizwa kisa, hasemi. Hajamshtaki mtu yeyote. Mtoto wa miaka kumi na mmoja ananifichia aibu yangu!

Jana nilivuka mto. Aliniona toka mlangoni, akaja, akapiga magoti akaniamkia, kisha akaninyooshea mkono apokee barua. Nikamwambia leo sina barua. Akaniuliza, "Basi umekuja kwa nani?"

Nikasema, kwako. Akageuka kutazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine. Nililia, kaka, mbele ya watoto wa watu.

Omba ruhusa uje. Kama mkataba umekufunga, nijibu hivyo, nami nitamleta kwa miguu hadi huko kabla mito haijajaa. Ukitaka kunipiga, nipige huko huko. Mpaka jibu lako lifike nitakuwa nikija hapa kila mwezi, na Stefania amesema hata mimi nikichoka yeye hachoki. Donati nimekuja naye. Kesho anaanza kusoma pamoja na watoto wadogo kuliko yeye, na sauti yake imeshaanza kuwa nzito.

Shangazi Justa anakusalimu, anasema uje umwone angali hai, usingoje kuja kumlilia. Balbina naye anakusalimu. Utusalimie Pantaleo na Hermenegildi, na wote wa kwetu mlio nao kwenye reli. Mungu akukinge na mawe na vyuma vya kazi hiyo, na akupe moyo wa kunisikiliza mpaka mwisho.

Salamu za Theodosia sizitii humu. Nikimaliza, Mwalimu atampa karatasi yake mwenyewe, nami nitakwenda kukaa mbali, kule mtoni. Atakachokuandikia sitauliza.

Nduguyo akupendaye, niliyekudanganya,
Marselino